Kofia ya Bibi Uzi

Kaunta ilianza kulia kabla dawa ya siku haijafika.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Idara ya tiba ya nyuklia bado ilinuka sabuni ya kudekia, na mtaalamu wa zamu alikuwa anafanya kazi yake ya kila siku kabla ya wagonjwa kuingia: kuzunguka na kaunta, kidude cha kuhesabia mionzi, kupima sakafu, meza, sinki, choo cha wagonjwa na viti vya kusubiria. Wagonjwa walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu sindano yake haikuwauma. Mtu akiwa bado anajikaza, yeye anamwambia, "Tumeshamaliza, baba."

Asubuhi huwa hakuna kitu. Kaunta hutoa tik moja, hunyamaza, hutoa tik nyingine, kama bomba lisilofungwa vizuri. Lakini alipofika kiti cha tatu, kile cha dirishani, ikalipuka kama bisi kwenye sufuria. Mshale ukasimama kwenye arobaini.

"Bwana Risasi! Njoo uone. Nani alikaa hapa jana?"

Bwana Risasi alikuwa mwenzake wa kazi, mtu mzima aliyebeba makopo mazito ya risasi, madini yanayozuia mionzi, kwa miaka ishirini hadi bega lake moja likashuka. Alikuja akiwa na kikombe cha chai.

"Hicho kiti? Watu wanakikwepa, jua linawapiga." Akaichukua kaunta, akaitikisa, akapima mwenyewe. Arobaini. "Basi kuna mtu amekilowesha. Wazee wetu hawa, unawaonyesha choo kile pale, wanakwambia wamekiona, halafu wanakaa."

Walivaa glavu, wakakifuta mara tatu. Arobaini. Wakakifunika kwa shuka la risasi na kukisukuma pembeni.

"Tukiache," alisema Bwana Risasi. "Baada ya saa sita kitakuwa ishirini."

Hiyo ndiyo kanuni ambayo mtu wa kazi hii hujifunza siku ya kwanza. Dawa yao, ile yenye mionzi wanayowachoma wagonjwa na ambayo hutoka na mkojo, hupungua nusu kila baada ya saa sita. Uimwage, uisahau, uigombeze, saa sita zikipita inabaki nusu, na nyingine sita zikipita, nusu ya hiyo nusu. Mpaka kesho kutwa hata kaunta haiioni.

Saa sita na nusu mchana mshale ulisoma arobaini. Saa kumi na mbili na nusu jioni, arobaini.

"Kitu kisichopungua," alisema Bwana Risasi, na safari hii hakutania, "si dawa yetu."

Mkono Mwepesi alikuwa amesikia harufu. Ilikuwa ya mafuta ya kuchua, yale ya mkaratusi ambayo wazee hujipaka mgongoni, na ilitoka pale kwenye kiti. Alimjua aliyekaa pale akinuka hivyo, miezi miwili iliyopita, na alijua kwamba amekufa.

* * *

Walimpa jina la Bibi Uzi palepale, maana hakuwa amekaa vizuri alipotoa kwenye kikapu chake sindano mbili na bonge la uzi wa njano, akaanza kufuma. Figo zake zote mbili zilikuwa zimevimba sawasawa, na daktari wa upasuaji alitaka kujua ipi imekufa ili aitoe. Jibu lilitakiwa kutoka kwenye kamera ya Mkono Mwepesi.

"Mwanangu, umesimama tangu nimefika," Bibi Uzi alimwambia. "Kaa kidogo. Mimi sina haraka. Figo zangu hazina pa kwenda."

Mkono Mwepesi alicheka, akakaa. Katika miaka sita ya kazi, ilikuwa mara ya kwanza mgonjwa kumwambia akae.

"Una mtoto mdogo wewe. Naona unavyoshika mtu, kama unashika kichwa kichanga. Wa miezi mingapi?"

"Saba, mama. Wa kike."

"Nionyeshe kichwa chake kwa mikono yako." Mkono Mwepesi akaonyesha. Bibi Uzi akapima lile duara kwa uzi, akafunga fundo. "Nitamfumia kofia."

Mgonjwa wa figo hulala chali na kamera hupiga kutoka chini, mgongoni. Bibi Uzi alilala chali dakika mbili, machozi yakamchirizika. Mgongo ulikuwa unamuua. Kwa huruma, Mkono Mwepesi alimgeuza alale kifudifudi, akaishusha kamera ya juu. Inaruhusiwa. Lakini lazima uiambie kompyuta, kwa sababu usipoiambia, inadhani mgonjwa yuko chali, na kulia kunakuwa kushoto. Na ili wasikosee kabisa, hubandika ubavuni mwa mgonjwa, upande wa kulia, kisindano kilichofunikwa chenye tone la dawa. Tone lile hung'aa kwenye picha na kusema, huku ndiko kulia.

Alikuwa nacho mkononi simu ilipoita. Mama mkwe. Mtoto ana homa, anatapika, ampe nini? Waliongea dakika moja. Aliporudi, mawazo yake yakiwa nyumbani, alibonyeza kitufe cha kuanza.

Jioni, kama ilivyo sheria, alijipima kabla ya kutoka. Mikono, safi. Viatu, safi. Mfuko wa koti, arobaini. Akaingiza vidole, akakikuta kile kisindano. Hakukibandika, wala kompyuta hakuiambia.

Majibu yalikuwa yameshatoka: figo ya kushoto imekufa, ya kulia ndiyo inayofanya kazi. Ukweli ulikuwa kinyume chake. Kilichotakiwa ni simu moja. Alijiambia atapiga kesho, akishatafuta maneno. Kesho yake, Ijumaa, alipanda wodini kusema. Alifika mlangoni, na kabla hajafungua mdomo Bibi Uzi akainua kofia ya njano juu kama mtu aliyeshinda mchezo.

"Nilikuwa nakusubiri! Chukua. Mwambie ni ya bibi yake."

Aliichukua. Alisema asante. Akashuka ngazi akijiambia kwamba daktari wa upasuaji ana macho, ataona mwenyewe.

Daktari hakuona. Jumatatu waliitoa figo ya kushoto, ile nzima. Siku ya kumi na moja Bibi Uzi akafariki. Binti yake alipoulizwa kama mama alitumia dawa nyingine yoyote, alikiri kwamba alimchemshia mizizi. Basi kila mtu akasema ni mizizi.

* * *

Asubuhi ya pili kile kiti walikuwa wamekwisha kukipeleka stoo. Kiti kipya kilichowekwa mahali pake kilisoma arobaini.

Kisha ikaja zamu ya kamera. Kila siku huiwasha dakika tano juu ya kitanda kitupu, kuhakikisha ni safi. Nukta huanguka ovyo kwenye skrini, kama vumbi. Mkono Mwepesi alikuwa peke yake nyuma ya kioo. Nukta zilianza kudondoka moja moja, huku na huku, kama inavyotakiwa, halafu zikaanza kukusanyika, kwanza mstari wa uti wa mgongo, kisha mabega, kisha figo mbili, moja hafifu upande wa kulia na moja inayong'aa upande wa kushoto, yaani sawasawa, yaani vile zilivyotakiwa kuonekana siku ile, na kitanda kilikuwa kitupu, alikuwa anakiona kwa macho yake, shuka limenyooka, mto haujaguswa, na bado kwenye skrini mtu alikuwa amelala kifudifudi anapumua, kwa sababu zile figo zilikuwa zinapanda na kushuka, na ubavuni, mahali ambapo pangekaa kile kisindano, hapakuwa na nukta hata moja, tundu jeusi tu la duara, kama jicho lililofunguliwa likimwangalia.

Kipaza sauti cha chumba cha kamera kikakwaruza.

"Kaa kidogo, mwanangu," kilisema. "Mimi sina haraka."

Alizima umeme wa mashine nzima. Bwana Risasi alimkuta sakafuni amekumbatia magoti.

"Dada, una nini?" alinong'ona, kama vile kuna mgonjwa amelala. Alivua koti lake akamfunika. "Nenda nyumbani. Nitakushikia zamu."

"Siwezi. Nimeambiwa kuna mtu ananisubiri mapokezi."

Ni kweli alikuwapo. Alikuwa binti wa Bibi Uzi, mwanamke aliyekonda, mfuko wa plastiki mapajani. Alikuwa amekaa kiti cha dirishani.

"Samahani kukusumbua, dada," alisema. "Nilikuwa napanga vitu vya mama. Alikutaja sana. Alisema wewe ndiye ulimgeuza akalala vizuri. Nimekuletea uzi uliobaki. Na soksi hii moja, ya pili hakuimaliza."

Mkono Mwepesi aliupokea mfuko. Soksi ilikuwa ndogo kama kidole gumba.

"Watoto wako hawajambo?" aliuliza, kwa kukosa la kusema.

"Wapo. Jirani anawapikia." Yule binti aliangalia viganja vyake. "Mimi nimeacha kupika. Nikishika sufuria naiona ile mizizi inachemka. Naogopa mikono yangu, dada. Nilimpa mwenyewe, kwa kijiko. Alikunywa akaniambia asante."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Usijilaumu," Mkono Mwepesi alisema. "Ni mipango ya Mungu."

Binti akashukuru, akaondoka. Kaunta ilikuwa mezani, haijashikwa na mtu, na ikaanza kulia peke yake. Mshale ulipita arobaini ukaenda themanini.

* * *

Siku hiyo aliiba kaunta. Aliificha kwenye mkoba, chini ya kanga, akaingia nayo nyumbani saa kumi jioni. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mama mkwe alikuwa barazani akimchezesha mtoto, na mtoto alikuwa amevaa kofia ya njano.

"Anaipenda hiyo," alisema mama mkwe. "Ukimvua analia. Halafu umempaka mafuta gani? Ananuka kama mzee wa mgongo."

Mkono Mwepesi aliivua kofia, akaipima chumbani, mlango umefungwa. Arobaini. Kisha akakiweka kile kidude karibu na kifua cha mwanawe, pole pole, kama anayesogeza moto karibu na karatasi. Tano.

Saa nne usiku ilikuwa kumi. Alfajiri ilikuwa ishirini.

Alikaa kitandani akihesabu. Kila kitu alichokijua duniani kilipungua nusu kwa saa sita. Hiki kwa mwanawe kilikuwa kinaongezeka mara mbili. Na mtoto hakulia. Alikuwa macho, anatazama juu ya bega la mama yake, anacheka na mtu, na kila mara alipocheka, ile harufu ya mkaratusi ilijaa chumbani.

"Mama," aliita. "Mama, amka. Nina jambo."

Mama mkwe hakuuliza maswali mengi. Kulipokucha alimleta mganga. Alikuwa mzee mfupi mwenye mwavuli na ndala, bila kitu kingine chochote.

"Vifaa vyako viko wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, fundi bomba anaangalia kwanza panapovuja." Akaketi kwenye mkeka, akamchukua mtoto, akamnusa utosini. Alimtazama Mkono Mwepesi. "Washa hicho kidude chako."

Aliwasha. Walisikiliza wote watatu, tikitikitikitiki, mpaka mganga akainua mkono.

"Kizuri hiki. Mimi ningehitaji siku tatu. Sasa niambie, unadhani ni nani huyu?"

"Ni marehemu mmoja. Bibi mmoja. Nilimkosea."

"Siyo yeye. Huyo bibi amelala, hana habari na wewe. Hili ni jini. Limevaa harufu yake na sauti yake kwa sababu ndivyo vitu unavyoviogopa. Linakula unachokificha. Ukificha tena, linashiba zaidi. Jana ulililisha sana, sivyo?"

Mkono Mwepesi alikumbuka themanini. Akatikisa kichwa kukubali.

"Na sasa limeona ndani ya nyumba hii kuna mtu mdogo ambaye pia utamficha maisha yake yote kofia ile ilitoka wapi. Limeanza kujiandalia."

"Litoe basi," mama mkwe alinong'ona. "Sema unataka nini, tutatafuta."

"Mimi natoa kilichoingia kwa nguvu. Hili lilifunguliwa mlango." Alimrudisha mtoto kwa mama yake, taratibu, akamrekebishia nguo begani isimfunike pua. "Liko neno la mtu, binti, umekaa nalo. Kampe mwenyewe. Kwa mdomo wako, leo, jua likiwapo. Likizama jua sijui utakuta kidude chako kinasoma ngapi."

* * *

Alipitia kazini kwanza. Aliandika kila kitu kwenye karatasi moja: kifudifudi, simu, kisindano, mfuko, Ijumaa, kofia. Akamkabidhi mkuu wa idara, hakusubiri asome. Kisha akaenda kwa binti wa Bibi Uzi, kofia kwenye mkoba, kaunta kwenye mkoba.

Kilikuwa chumba kimoja na jiko dogo pembeni. Sufuria zilikuwa zimepangwa kifudifudi, juu yake vumbi.

"Karibu, dada. Kaa."

"Nitasimama."

Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Koo lilikuwa limejaa mkaratusi, linaunguza. Ndani ya mkoba kaunta ilianza kupiga, kasi, kasi zaidi, mpaka ikawa mlio mmoja mrefu, na sikioni mwake ile sauti ya upole ikamwambia kaa kidogo, mwanangu, una haraka gani, una mtoto, una kazi, huyu ameshazoea, mwache, kaa, na magoti yake yakaanza kukunjika yenyewe yakitafuta kiti, na alijua kwamba akikaa hatasema, leo wala siku nyingine, na jioni atampima mwanawe. Akashika ukuta.

"Mizizi yako haikumuua mama."

Mlio ukakatika kidogo.

"Nilimuua mimi. Niligeuza picha. Wakatoa figo iliyo nzima. Nilijua siku ileile, nikanyamaza. Nilikuja wodini kusema, akanipa kofia ya mtoto wangu, nikashindwa. Na jana ulipokuja nikakwambia ni mipango ya Mungu. Ni uongo. Hukufanya kosa lolote. Mikono yako ni safi."

Tik. Tik. Kisha kimya.

Binti aliuliza jambo moja tu.

"Ulipomgeuza, alipata nafuu?"

"Alisema amepata. Alilala."

"Nipe kofia."

Alimpa. Binti aliibana kifuani. "Sasa toka. Ondoka kwangu. Tutaonana huko watakakotuita."

Alitoka. Alisimama uani akiwa hawezi hata kuvaa viatu. Nyuma yake, kupitia dirisha, alisikia kilio, cha mtu anayelia kwa mara ya kwanza, bila kujizuia. Kikatulia. Halafu akasikia sufuria ikigeuzwa. Maji yakamiminwa. Kiberiti kikawashwa.

* * *

Mchana huohuo alirudi idarani kurudisha beji na kaunta. Bwana Risasi alikuwa amesikia. Hakumlaumu wala hakumtetea. Alipima viti, kimoja kimoja. Tik. Kimya. Tik. Alipima kitanda cha kamera. Mama mkwe alikuwa amemleta mtoto. Akapimwa kichwani, kifuani, miguuni. Safi. Mama mkwe akaketi chini papo hapo akalia.

"Na wewe," alisema Bwana Risasi. "Anayeondoka hupimwa. Ndiyo sheria."

Viatu, safi. Koti, safi. Mkono wa kushoto, safi. Mkono wa kulia, ule mwepesi, ule uliokuwa umeshika kisindano: arobaini.

Alinawa. Arobaini. Akanawa tena, kwa brashi, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Arobaini.

Bwana Risasi alimwangalia, kisha akaangalia saa ya ukutani. "Saa saba," alisema. Akavuta viti viwili, akaleta chai, akaiweka upande wa kushoto wa Mkono Mwepesi ili asihitaji kuutumia ule mkono. Walikaa. Mama mkwe alimrudisha mtoto nyumbani. Taa za koridoni zikawashwa, wafagiaji wakaja wakaenda. Bwana Risasi alimsimulia habari za wajukuu zake, mmoja baada ya mwingine, na hakumwuliza chochote.

Saa moja usiku aliichukua kaunta.

Mshale ulitetemeka, ukashuka, ukasimama.

"Ishirini," alisema.

Mkono Mwepesi alijiinamia akalia mpaka chai ikamwagika. Bwana Risasi alimpiga-piga begani. "Sasa hii naijua," alisema. "Hii inapungua."

Alipofika nyumbani mtoto alikuwa hajalala. Alikuwa kichwa wazi, ananuka sabuni na maziwa, akamwona mama yake akanyoosha mikono yote miwili. Mkono Mwepesi aliufunga mkono wake wa kulia kwenye kanga, akauweka nyuma ya mgongo, kama anavyowaelekeza wagonjwa wake wenye watoto wawakinge na mionzi mpaka kesho kutwa. Akainama, akamnyanyua kwa mkono wa kushoto.